Yatokanayo na Kikao Kilichopita

Katika vikao vyetu, viwe vya kamati ya shule, vya ushirika wa kahawa au vya bodi ya kampuni, kuna kipengele cha ajenda ambacho wajumbe wengi hukipitia mbiombio ili wafike kwenye mambo mapya. Kipengele hicho ni yatokanayo na kikao kilichopita. Katibu anasoma kilichoazimiwa, mwenyekiti anauliza nani alikabidhiwa nini, na aliyekabidhiwa anasimama kueleza amefikia wapi. Hakuna shangwe hapo. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini klabu za huduma za kujitolea zimedumu zaidi ya karne moja, na kwa nini baadhi yake zimeshiriki katika kazi kubwa ambazo serikali peke yake zisingezimaliza, aanzie kwenye kipengele hicho. Watu wenye huruma hawajawahi kuwa haba katika jamii yoyote. Walio adimu ni wenye huruma waliopanga siku ya kukutana tena, wakaandika nani atafanya nini, na wakapeana haki ya kuulizana.

Wengi wetu tunazijua klabu hizi kwa alama zake: gurudumu lenye meno kwenye ukosi wa koti, au vichwa viwili vya simba kwenye bango la kliniki ya macho. Gurudumu ni la Rotary, simba ni wa Lions, na zipo nyingine kama Kiwanis, iliyoanzia Detroit mwaka 1915 na kujielekeza zaidi kwa watoto. Rotary ina wanachama zaidi ya milioni 1 duniani, na Lions vilevile. Ukiziweka kando alama na idadi hizo, kinachobaki ni kidogo na kinaeleweka: watu ishirini au hamsini wa mji mmoja, wenye kazi tofauti, wanaokutana kila wiki au kila baada ya wiki mbili, wanaolipa ada, wanaochagua rais, katibu na mweka hazina, na kugawana kamati. Rais wa klabu ya Rotary huongoza mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Julai, kisha humwachia mwingine. Halipwi mshahara. Klabu si tawi la chama cha siasa wala la dhehebu lolote, hivyo mfamasia, mwalimu wa sekondari, mhandisi wa maji na meneja wa benki wanaweza kukaa meza moja wakibishana kuhusu bei ya mabomba, bila mmoja kumuuliza mwenzake anasali wapi au alimpigia nani kura.

Chanzo cha Rotary hakikuwa kitakatifu, na ni vizuri kukisema kama kilivyokuwa. Tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alikutana jijini Chicago na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshonaji wa nguo. Harris alikuwa amekulia katika mji mdogo wa Vermont, na Chicago ilimpa kazi bila kumpa majirani. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu na safari ijayo kwa yule, na jina la Rotary likatokana na kupokezana huko. Walichotafuta ni urafiki na biashara: mwenye makaa amuuzie wakili, naye wakili ampate mteja. Mwaka uliofuata alialikwa kujiunga wakili mwingine, Donald Carter, aliyeshughulikia hati za uvumbuzi. Alikataa. Alisema klabu inayojifaidisha yenyewe tu, bila kuufaa mji, haitadumu. Wenyewe hawakumnunia, walimwomba awasaidie kuandika lengo jipya, nalo likaingizwa kwenye katiba yao.

Lengo likiishia kwenye katiba halimsaidii mtu, na kipimo chake cha kwanza kilikuja mwaka 1907, katika jambo ambalo hakuna mfadhili angetamani kupigwa nalo picha: vyoo vya umma. Katikati ya Chicago, mwanamume aliyebanwa alikimbilia baa, na kwa kawaida alinunua bia kama shukrani; mwanamke alikimbilia duka kubwa. Watengenezaji wa bia na wenye maduka walipinga mpango wa vyoo kwa hoja kwamba huduma hiyo wao tayari wanaitoa, na faida yao katika hoja hiyo inaonekana bila kuelezwa. Klabu haikununua saruji. Iliita makundi mengine ya mjini, ikaunda kamati ya pamoja, ikaanza kuwafuata wakuu wa mji na kuwauliza, na kuwauliza tena. Ilichukua takriban miaka miwili hadi vyoo vikafunguliwa karibu na makao makuu ya jiji. Mtu mmoja mkarimu angeweza kuchoka mwezi wa tatu na asilaumiwe na yeyote. Klabu ilikuwa na kikao wiki iliyofuata, na suala la vyoo lilikuwa bado kwenye ajenda.

Njia hiyo inaonekana pia kwa Lions, walioanza Chicago mwaka 1917 wakati Melvin Jones, wakala wa bima, alipozihimiza klabu za wafanyabiashara ziungane na kujiuliza zitaifanyia nini jamii. Mwaka 1925 Helen Keller, mwandishi asiyeona wala kusikia, alisimama mbele ya mkutano wao mkuu huko Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe watetezi wa wasioona. Mikutano mikuu husikia hotuba nzuri kila mwaka, na nyingi huishia kwenye makofi. Hii ilirudi nyumbani na wajumbe. Mwaka 1930, huko Peoria, Illinois, George Bonham, rais wa klabu ya mji ule, alimwona mtu asiyeona akihangaika kuvuka barabara kwa fimbo nyeusi ambayo madereva hawakuiona. Klabu ilipaka fimbo rangi nyeupe, ikaizungushia mkanda mwekundu, ikawagawia wasioona wa mji. Kisha ikaenda kwenye baraza la mji kuomba sheria ndogo ya kumpa haki ya kupishwa barabarani mwenye fimbo hiyo, nayo ikapitishwa kabla mwaka haujaisha. Fimbo nyeupe ilikuwa imejaribiwa au ilikuwa inakaribia kuanza Uingereza na Ufaransa miaka hiyohiyo, kwa hiyo Peoria haiwezi kujidai mwanzilishi pekee. Ninachotaka msomaji akione ni hatua zenyewe, kutoka hotuba kwenda rangi, kutoka rangi kwenda sheria. Hospitali ya macho ya Lions SightFirst iliyoko Loresho, Nairobi, inatokana na ombi lilelile la 1925.

Ushahidi mzito kuliko wote ni wa polio, na unastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwaka 1979 Rotary ilikubali kugharamia chanjo ya watoto wapatao milioni 6 nchini Ufilipino, na matone ya kwanza yalitolewa Septemba mwaka huo huko Makati, pembeni mwa Manila. Mwaka 1985 klabu zilitangaza mpango wa PolioPlus, wenye shabaha ya kuchanga dola milioni 120; miaka mitatu baadaye zilikuwa zimevuka mara mbili ya kiasi hicho. Mwaka 1988 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuitokomeza polio ifikapo mwaka 2000. Wakati huo ugonjwa huo ulikuwa ukiwapoozesha watu wapatao 350,000 kwa mwaka, wengi wao watoto wadogo, katika nchi zaidi ya 125. Kizazi cha wazazi wetu hakihitaji takwimu hizo, kwa sababu kila mtaa ulikuwa na mtoto aliyetambaa kwa mikono, na kila shule ilikuwa na mwanafunzi mwenye chuma mguuni.

Mwaka 2000 ulifika na polio ilikuwa bado ipo. Idadi ya wagonjwa ilikuwa imeshuka mno, lakini tarehe iliyotangazwa kwa tarumbeta ilikuwa imepita, na hapo ndipo kampeni nyingi hufa kimya kimya, kwa maana hakuna anayefurahia kuombwa mchango wa kumi na tano kwa kazi aliyoambiwa itaisha zamani. Mambo yakazidi kuwa magumu. Mwaka 2003 chanjo ilisimamishwa Kano, kaskazini mwa Nigeria, kutokana na uvumi kuhusu usalama wake, na virusi vikasambaa kutoka huko hadi nchi ambazo zilikuwa zimeshajisafisha. Imani ilirudishwa kwa mazungumzo marefu na wanazuoni, watawala wa jadi, madaktari na akina mama wenyewe. India, nchi ambayo wataalamu waliiona kuwa ngumu kuliko zote, ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa virusi asilia Januari 2011. Nigeria ilifuata mwaka 2016. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena virusi asilia vya polio. Ni miaka arobaini na moja tangu Makati. Waliotoa mchango wa kwanza wakiwa vijana walikuwa wamestaafu.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu, maana takwimu huficha jasho. Mchanjaji hutoka asubuhi na sanduku la kubebea chanjo lenye vipande vya barafu. Kila kichupa kina kibandiko chenye duara, na ndani ya duara kuna mraba mweupe. Kichupa kikipata joto mraba huanza kuwa na giza, na ukifikia rangi ya duara kichupa hutupwa, hata kama hakijafunguliwa na hata kama kimebebwa kilomita thelathini kwa pikipiki. Mtoto hupewa matone mawili mdomoni. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto hupakwa wino ili asirudiwe wala asisahaulike, na ukutani au mlangoni huandikwa kwa chaki ni watoto wangapi wamechanjwa na wangapi hawakuwepo. Nyumba zenye watoto ambao hawakuwepo hurudiwa. Wanaofanya kazi hii kwa sehemu kubwa ni wahudumu wa afya na wahamasishaji wa mitaani, wala si wenye beji za gurudumu, na itakuwa dhuluma kuipa Rotary sifa ambayo ni ya Shirika la Afya Duniani, UNICEF, wizara za afya na maelfu ya akina mama waliopanda vilima na masanduku yao. Mchango wa klabu ulikuwa wa namna mbili. Kwanza ni fedha, zaidi ya dola bilioni 2 kwa miaka yote. Pili, nao nauona mkubwa kuliko wa kwanza, ni kuwa na watu katika karibu kila nchi ambao kila mwaka walirudi kwa waziri yuleyule, au kwa aliyechukua nafasi yake, kuuliza bajeti ya chanjo imefikia wapi. Mawaziri hubadilika. Klabu ilikuwa palepale.

Na kazi bado. Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza Lilongwe kwa virusi vyenye nasaba na vya Pakistan, kisha Msumbiji nayo ikapata mgonjwa, na watoto wa Tanzania, Zambia na Zimbabwe wakalazimika kuchanjwa tena kwa mamilioni. Afghanistan na Pakistan hazijawahi kukata mzunguko wa virusi asilia. Pia, mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi dhaifu vilivyomo kwenye chanjo ya matone vinaweza kuzunguka hadi vikabadilika na kupoozesha, na nchi kadhaa za Afrika zinahangaika na hilo sasa hivi. Klabu za Rotary zimejiwekea lengo la kuchanga dola milioni 50 kila mwaka kwa ajili ya ugonjwa ambao wanachama wengi vijana hawajawahi kumwona mgonjwa wake.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni ya kigeni, na kwamba sisi tulikuwa na msaragambo, harambee na kuzikana kabla ya wakili yeyote wa Chicago. Ni kweli, na ninaongeza ushahidi wao. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, ilikuwa na vyama vya beni, vikiwemo vya Marini na Arinoti, vyenye maafisa wenye vyeo vya kijeshi na vya kifalme, vyenye michango na mashindano, na vyenye wajibu wa kumuuguza mwanachama na kumzika. Wanawake walikuwa na vyama vya lelemama vilivyosaidiana kwa karamu na kwa shida. Leo ukienda kwenye kikundi cha kuweka na kukopa utakuta sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, sanduku halifunguliwi ila mbele ya kikao kizima, na kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwenyewe. Hiyo ni nidhamu ileile ninayoitetea, tena kali zaidi. Tofauti iko kwenye mduara wa wanaofaidika. Kikoba humhudumia aliyeweka hisa, chama cha kuzikana humzika mwanachama na watu wake, na harambee hukusanya watu kwa jambo moja kisha hutawanyika. Klabu ya huduma huchukua nidhamu ya sanduku na kuielekeza kwa mtu ambaye hatawahi kuwa mwanachama. Sioni sababu ya kuliona hilo kuwa la kigeni. Ni hatua moja mbele kwenye njia tunayoijua.

Pingamizi la pili ni kwamba hizi ni klabu za wenye nacho, wanaokutana hotelini kutafuta wateja. Historia inawapa wapinzani haki fulani. Klabu ya Rotary ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1930 katika mji wa kikoloni uliotenga watu kwa rangi. Wanawake walifungiwa mlango duniani kote kwa muda mrefu: klabu ya Duarte, California, ilipowapokea wanawake watatu mwaka 1977 ilifutwa uanachama, ikaenda mahakamani, na ni mwaka 1987 tu ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wanawake hawawezi kuzuiwa. Miaka miwili baadaye Rotary ilibadilisha kanuni zake dunia nzima. Mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza. Kuhusu biashara, ni kweli kwamba watu hufahamiana na baadhi hupeana kazi, na sioni dhambi hapo mradi zabuni za klabu yenyewe hazitolewi kwa wanachama bila ushindani. Tatizo halisi ni ada na gharama za mlo, ambazo humwacha nje muuza mboga na mwalimu wa shule ya msingi. Tangu miaka ya 1980 Rotary ina vikundi vya kijamii ambavyo wasio wanachama wanaweza kuunda kijijini au mtaani kwao, vikasimamiwa kwa ushirikiano na klabu. Vingepewa uzito zaidi, pingamizi hili lingepungua nguvu. Klabu inayojivunia hoteli ya kukutania kuliko vikundi vyake vya mtaani inaustahili ukosoaji huu.

Wengine husema kazi hizi ni za serikali, na kwamba kila darasa linalojengwa na wafadhili linampunguzia mbunge aibu. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu kodi tunalipa. Lakini irudishwe kwenye ushahidi. Vyoo vya Chicago vilipatikana kwa kuibana serikali ya mji. Fimbo nyeupe ilikamilishwa kwa sheria ya baraza la mji. Chanjo ya polio hutolewa kupitia wizara za afya, kwa wataalamu wa umma, na sehemu kubwa ya kazi ya klabu imekuwa kuzikumbusha serikali ahadi zake. Klabu iliyo hai haimpumzishi kiongozi. Inampa wageni wasiochoka mlangoni. Inayostahili kulaumiwa ni ile inayojenga darasa bila kumuuliza afisa elimu kama walimu watapatikana.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wapinzani wa klabu. Linatoka vijijini. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikadiria kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara hazikuwa zikitoa maji. Pampu hizo zilizinduliwa na mashirika ya kila aina, pamoja na klabu za huduma, kwa ngoma na kwa jiwe la msingi. Baada ya muda kipande cha mpira kinachozuia maji yasirudi chini kikalika, kipuri kikawa hakipatikani wilayani, fundi aliyefunzwa akahamia mjini, na akina mama wakarudi kwenye kijito. Wema wote ulikuwepo, na fedha zilitumika kama zilivyopangwa. Hakuna kikao kilichouliza, miezi kumi na minane baadaye, kama mpini bado unapanda na kushuka. Mfuko wa Rotary sasa una masharti kwa ruzuku zake kubwa, zinazoanzia miradi ya dola 30,000: klabu ya nchi husika ishirikiane na klabu ya nchi nyingine, mahitaji yachunguzwe pamoja na wanajamii kabla ya kuomba fedha, na ielezwe nani atabeba gharama za matengenezo. Masharti ni mazuri. Hata hivyo karatasi haiwezi kutembea hadi kisimani, na lazima awepo mtu mwenye jina, katika klabu iliyo karibu, ambaye ni zamu yake kwenda.

Hapa muundo wenyewe wa klabu una udhaifu unaopaswa kusemwa. Rais wa mwaka mmoja hutamani mradi wake, wenye jina lake kwenye kibao, na ule wa mtangulizi wake hubaki yatima. Kupokezana uongozi ni jambo jema, kwa sababu humzuia mtu mmoja kuifanya klabu mali yake. Sam Owori wa Uganda, aliyekuwa ameteuliwa kuiongoza Rotary duniani katika mwaka wa uongozi wa 2018/2019, alifariki Julai 2017 kabla ya kushika nafasi hiyo. Msiba ulikuwa mkubwa kwa Afrika Mashariki nzima, lakini Barry Rassin wa Bahamas alichukua mahali pake na hakuna mradi uliosimama kwa kukosa mtu. Muundo unaostahimili kifo unapaswa kustahimili pia tamaa ya kibao kipya. Dawa ipo na inajulikana: klabu ichague kazi ya miaka mitano au kumi, na marais wapokezane kazi hiyo badala ya kila mmoja kuja na yake. Kampala kuna mfano mzuri. Tangu mwaka 2012 klabu za Rotary za Uganda huandaa mbio za kila mwaka za kuchangia matibabu ya saratani katika hospitali ya Nsambya. Marais wengi wamekuja na kuondoka, na lengo limebaki moja, kiasi kwamba mkazi wa jiji anayenunua fulana ya mbio anajua fedha zinakwenda jengo gani.

Msomaji anayefikiwa na bahasha ya mchango, au anayealikwa kujiunga, asianze kwa kuuliza klabu imetoa kiasi gani mwaka huu. Aombe kupelekwa kwenye mradi wa miaka mitano iliyopita. Kama ni kisima, asukume mpini mwenyewe. Kama ni madawati, amuulize mwalimu mkuu ni mangapi yamevunjika na nani huyatengeneza. Kama ni kambi ya macho, aulize waliofanyiwa upasuaji walirudi kukaguliwa wapi. Kisha aombe kuona muhtasari wa vikao, aangalie kama jina la kisima hicho lilitajwa tena baada ya siku ya uzinduzi. Watu kumi na watano wa kata moja, wasio na hoteli wala beji, wanaweza kuanza kwa kipimo hichohicho: wachague jambo moja dogo, kwa mfano mapipa ya kunawia mikono kwenye shule mbili, wakubaliane nani atayakagua kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nani atanunua koki ikivunjika, na kwa fedha kutoka wapi.